Mshale Uliposhuka

Mshale ulishuka, na mimi nikashusha pumzi.

Tulikuwa katikati ya mlima wa kupandia Newala kutokea Masasi, gia ya pili, saa nane mchana. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mguu wake wenye bandeji kaunyoosha juu ya begi. Tulikuwa tumetoka hospitali ya Ndanda kutolewa nyuzi. Kwa dakika kumi nzima nilikuwa nautazama mshale wa joto kuliko nilivyoitazama barabara. Umevuka nusu. Umepanda. Umekaribia wekundu. Nikafungua hita, kama mjomba alivyonifundisha zamani, kwamba gari likitaka kuchemsha, hita inalipunguzia injini joto. Ikanipulizia upepo wa baridi. Nikajisemea, na hii nayo imekufa.

Halafu mshale ukaanguka. Haukuteremka kidogo kidogo, ulianguka mpaka chini ya nusu kama mtu aliyeachia kamba.

"Limepoa?" Kumbe mama alikuwa macho.

"Limepoa, mama."

Hatukumaliza mita mia mbili, kiti changu kikaanza kuunguza. Wenye Noah za zamani wananielewa, injini tunaikalia. Ikaja ile harufu tamu ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, iliyoungua, kisha mvuke ukatoka pembeni ya zulia, mweupe, kimya kimya, ukapita katikati ya miguu yangu.

## Ndoo

Nilizima gari, nikawekea magurudumu mawe, nikamshusha mama chini ya mkorosho.

Jambo moja nililijua na nililishika: mfuniko wa rejeta haufunguliwi ukiwa wa moto. Ule mfuniko ulioandikwa 0.9 unayabana maji kiasi kwamba hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukiufungua, mbano unaondoka, na maji yaliyopita nyuzi 100 yanageuka mvuke palepale, usoni pako. Kwa hiyo tulikaa. Saa nzima ilipita, pengine na zaidi.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha mihogo. Alituangalia muda mrefu, kisha akavuka na ndoo ya lita 20 kichwani, imefunikwa sahani ya bati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Linyweshe hilo gari lako."

Aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde haelezwi ndoo ile ni kitu gani. Huku mchanga unakunywa mvua yote na chemchemi ziko mabondeni. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, na pampu ikisimama kila nyumba inahesabu kilichobaki kwenye kisima cha mvua. Mama yangu mpaka leo ananawia mikono kwenye beseni, na maji ya beseni anamwagia mchaichai. Kwa hiyo nilipokea ile ndoo kwa mikono miwili.

Nikamimina kwa kikombe, polepole, nikisubiri kati ya kikombe na kikombe. Zikaingia lita mbili kasoro, rejeta ikajaa mpaka mdomoni. Nikasubiri tena, maji hayakushuka. Nikamrudishia ndoo yake ikiwa karibu imejaa, na nakumbuka nilivyofurahi. Nilikuwa nimesaidiwa bila kumkausha mtu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Limejaa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi wiki tano.

## Wote walisema gasketi

Newala tulifika magharibi, kwa mwendo wa baiskeli, tukisimama kila mshale ulipoinuka. Siku mbili baadaye nikateremka Mtwara kwa njia ya Tandahimba, ambako mteremko ni wa pole, nikaenda moja kwa moja gereji.

Fundi alitoa mfuniko, akawasha, akaniita nitazame. Maji yalikuwa yanatoa mapovu, makubwa kwa madogo, yanapanda na kupasuka.

"Hiyo ni hedi, kaka. Gasketi imeungua. Moshi wa silinda unaingia kwenye maji."

Hedi ndiyo kichwa cha injini, na gasketi ndiyo inayoziba kati yake na silinda. Alinipigia hesabu: gasketi, kupeleka hedi kuplanwa, yaani kusawazishwa uso, kulanti, ufundi. Laki tano na nusu. Muuza spea niliyemuuliza bei ya gasketi alikubaliana naye bila kuliona gari. Shemeji yangu alikubaliana naye kwa simu.

Kulikuwa na ushauri mwingine pia, ule wa kila gereji: "Tuing'oe hiyo themostati, maji yazunguke huru." Hili naomba niliseme wazi kwa sababu limeua injini nyingi. Themostati ya injini kama hii inafungua njia ya kwenda rejeta maji yakifika nyuzi 82 hivi, na hapohapo kisahani chake cha nyuma kinaziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani, haifiki kwenye feni hata mara moja. Mjini utaona gari limepoa. Mlimani litakuchemkia.

Themostati niliikatalia. Gasketi nilikubali. Kilichonizuia ni hela tu, maana malipo ya mnada wa korosho yalikuwa hayajaingia. Nikamwambia fundi anipe wiki mbili.

Nazishukuru sana zile wiki mbili.

## Daftari

Nilianza kuandika. Kila alfajiri kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, nilifungua rejeta na kutazama. Nilitazama kopo la akiba. Nilichomoa kijiti cha oili. Nilipiga magoti na kutazama mchanga chini ya gari.

Kopo lilikuwa palepale kwenye mstari wa juu. Siku ya kwanza, ya tatu, ya sita. Kwa miaka yote nilikuwa nalitazama kopo tu, maana linaonekana bila kufungua kitu, na kila nikiliona limejaa naondoka na amani. Sasa nilikuwa natazama na mdomo wa rejeta, na huko maji yalishuka kama upana wa kidole kila baada ya siku moja.

Maji yanapungua ndani, kopo limejaa. Hilo lilinisumbua kuliko upungufu wenyewe.

Kopo kazi yake ni kupokea na kurudisha. Injini ikipata moto maji yanatanuka, yanausukuma mfuniko, yanakwenda kwenye kopo. Ikipoa, yanasinyaa, na ndani panabaki na uvutano unaopaswa kuyarudisha maji yaleyale kupitia kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko. Kama kopo halipungui na rejeta inapungua, basi injini ikipoa inavuta kitu kingine kisicho maji.

Inavuta hewa. Na hewa inaingilia pale maji yanapotokea.

Nilifika hapo usiku mmoja na sikuamini kwamba nimefika. Fundi amefungua hedi nyingi kuliko milango niliyofungua mimi. Nani niseme amekosea? Lakini kijiti cha oili kilikuwa kinatoka kisafi, hakuna ule uji wa rangi ya maziwa. Moshi wa asubuhi haukuwa na harufu tamu. Gasketi iliyokufa huacha alama mahali, na mimi sikuwa nimeona hata moja zaidi ya yale mapovu.

Tena kulikuwa na ile ndoo. Gari lililotapika maji vile, mvuke ukatoka mpaka miguuni, barabara ikalowa nyuma yetu, linajaaje kwa lita mbili kasoro?

## Mapovu yanaanza lini

Kuna mzee mmoja mjini anaziba rejeta, zile za shaba, kwa lisasi na moto wa mkaa. Vijana wanaomletea rejeta za plastiki na alumini anawarudisha. Nilimweleza yote, mlima, mshale, hita, ndoo, kopo, daftari. Alisikiliza huku anapiga brashi. Kisha akaniuliza swali moja.

"Mapovu yanaanza lini?"

Sikujua.

"Basi hujaliangalia. Kesho kabla ya jua, usiliwashe. Nisubiri."

Alikuja alfajiri amevaa kikoi na sweta. Tukajaza rejeta mpaka mdomoni, mfuniko tukauacha nje, nikawasha. Akaniambia nishike mpira mnene wa juu wa rejeta na nisiuachie.

Kama gasketi imeungua, alisema, moshi wa silinda haungoji maji yapate moto. Silinda inapolipuka, mbano wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa maji. Unatafuta upenyo tangu dakika ya kwanza. Utaona vipovu vidogo vinafuatana kama ushanga, havikomi, na ukifunga mfuniko mpira unakuwa mgumu wakati injini bado ni ya baridi. Ukiongeza mafuta, vinaongezeka.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Maji yalitulia kiasi kwamba niliona taa ya ukutani ndani yake. Mzee akaninyooshea mkono nikanyage mafuta kidogo. Uso wa maji ukatetemeka tu. Mpira mkononi mwangu ulikuwa laini kama chapati ya jana.

Dakika ya kumi na kitu mpira wa juu ulikuwa unaunguza, wa chini bado baridi. Themostati ikafunguka. Hapo ndipo likatoka povu moja kubwa, *blob*, kama mtoto aliyeshiba, na maji mdomoni yakazama ghafla. Tukaongeza. Kimya. Likaja lingine.

"Hiyo ni hewa ya kukaa," mzee akasema. "Siyo moshi. Moshi hauna mapumziko."

Mafundi wenye vifaa wana dawa ya bluu inayonyonyeshwa hewa ya mdomo wa rejeta. Ikikutana na moshi wa injini inageuka njano, na mjadala unaisha. Sisi tulikuwa na saa ya simu, macho manne na mkono wangu. Kwa shahidi wa ziada tulichomoa plagi zote nne. Zilikuwa zimefanana, rangi ya udongo mkavu. Silinda inayokunywa maji plagi yake husafishwa na mvuke, utaitambua kwa weupe wake kati ya wenzake.

Mkono nilikuwa bado nimeushikilia kwenye ule mpira. Sikutaka kuuachia.

## Pampu ya baiskeli

Sasa maji yanatokea wapi? Chini ya gari mchanga ulikuwa mkavu kila siku.

Mzee ana mfuniko wa zamani aliouchongea nozeli ya tyubu katikati. Unaufunga kwenye rejeta, unachomeka pampu ya baiskeli yenye geji, unajaza upepo taratibu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko halisi, usiizidishe hata kidogo. Injini iko baridi, hakuna joto la kukausha tone. Halafu unanyamaza na kusikiliza.

Geji ilikaa. Nikafikiri haitaonyesha kitu. Baada ya dakika tano ilikuwa imeshuka kama upana wa ukucha.

Nilijilaza chini na tochi. Noah yangu ina hita mbili, ya mbele na ya nyuma, na ya nyuma inaletewa maji kwa mabomba mawili ya chuma yaliyopita chini ya sakafu. Sisi wa pwani hita ya nyuma hatuiwashi mwaka mzima. Niliisahau kabisa kama ipo. Kwenye kiungo cha bomba na mpira, nyuma ya gurudumu la mbele, kulikuwa na ukoko wa waridi iliyofifia, mgumu kama chumvi iliyoganda kwenye jabali. Ukoko wa kulanti. Nikaukwangua kwa kucha. Chini yake chuma kilikuwa kimelika. Nikiwa natazama, tone likajikusanya, likaning'inia, likabaki hapo bila kuanguka.

Tone lile likiwa barabarani, bomba la moto na upepo wa mwendo, halifiki chini. Linakauka na kuongeza ukoko. Ndiyo sababu mchanga wangu ulikuwa mkavu.

Usiku injini ikisinyaa, tundu lilelile lilikuwa linavuta hewa, kwa kuwa njia hiyo ni nyepesi kuliko kukivuta kivalvu cha mfuniko. Mfuniko nao tulipoutazama, raba yake ilikuwa imepasuka na kivalvu kimegoma kwa kutu. Nadhani kutu ile niliianzisha mwenyewe. Kuna mwaka nilijaza maji ya kisima cha karibu na ufukwe, ya chumvi, kwa kukosa mengine, na sikuyatoa mpaka miezi ikapita.

Tulikata kipande kibovu, tukaunga mpira mpya na vibano viwili. Mfuniko mpya, 0.9 kama ule wa mwanzo. Kuna waliotaka kunipa wa 1.1, eti unabana zaidi. Mfuniko mzito kwenye rejeta ya miaka mingi unatafuta mahali pengine pa kupasua.

## Kuinua pua

Kujaza maji ndiyo kazi yenyewe, na hii ndiyo niliyokuwa naifanya vibaya tangu nilipoanza kuendesha.

Hewa inakaa juu. Gari likisimama sawasawa, sehemu ya juu haiwi lazima mdomo wa rejeta. Inaweza kuwa kona ya hita au kichwa cha injini. Unamimina, maji yanafika mdomoni, unafunga, na ndani umefungia mfuko wa hewa. Wota pampu inajua kusukuma maji, hewa haiiwezi. Maji yakiufikia ule mfuko yanasimama. Yaliyosimama karibu na silinda yanachemka. Na lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndipo gari linatapika maji ambayo bado linayahitaji.

Tulilipandisha kwenye kichuguu cha kifusi, pua juu. Hita zote mbili tukazifungua kwenye joto la mwisho ili maji yapite kila mahali. Mzee alikata dumu la lita tano, akalifunga kichwa chini kwenye mdomo wa rejeta kwa mpira wa ndani wa baiskeli, likawa faneli iliyoinuka kuliko kila kitu cha gari. Tukamimina mchanganyiko wa kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, uzi mwembamba. Mimi nikawa naminya mipira kwa zamu kama mtu anayekamua ng'ombe.

Maji yalifika mdomoni nilipokuwa nimeandika lita sita. Zamani ningefunga hapo.

Tukawasha. Tukangoja themostati. Likatoka povu, maji ya faneli yakashuka, tukaongeza. Likatoka lingine. Mzee akanyagisha mafuta, akaachia, akanyagisha. Kwa karibu nusu saa gari lile lilikuwa linacheua, na mimi naandika: nusu lita, robo, nusu, robo.

Juu ya zile sita ziliingia lita tatu na robo.

Kisha upepo wa hita ukabadilika. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye tundu la dashibodi, upepo wa baridi ukawa vuguvugu, ukawa wa moto, ukawa wa kuunguza. Hita haikuwa imekufa. Siku ile mlimani ilipuliza baridi kwa sababu ndani yake hakukuwa na maji, na ilikuwa inaniambia hivyo kabla ya mvuke. Na mshale ulianguka kwa sababu maji yalikuwa yameshuka chini ya sensa yake. Ulikuwa unapima mvuke mtupu wakati hedi inaungua. Mimi nikamjibu mama kwamba limepoa.

Fundi wa kwanza nilimpelekea daftari. Alilisoma lote. Akaniambia anadhani gasketi nyingi anazobadilisha ziliungua baada ya wiki kama zangu, mtu anajaza, anafunga, anaondoka na hewa yake, mpaka hedi ya alumini inapinda kweli. Kisha akaomba apige picha ule mfuniko wa mzee wenye nozeli, achonge wake.

## Mlimani

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama kukaguliwa mguu, na tukarudi kwa njia ileile ya Masasi. Nilikuwa nimebeba madumu mawili ya lita 20. Mshale ulipita ile kona ukiwa umekaa mahali pake. Kila baada ya muda nilikuwa nagusa tundu la hita, moto.

Kibanda cha mihogo kilikuwa wazi. Nikaegesha, nikamwamkia, nikamweleza kwamba siku ile nilimwambia limejaa na halikuwa limejaa, kwamba gari lilikuwa bado linahitaji maji ya ndoo yake na mimi nikamrudishia.

Aliniangalia, akainama akatazama mchanga chini ya Noah, kisha akamtazama mama yangu dirishani.

Alipokea dumu moja. La pili alisema nibaki nalo, mlima haujaisha.